Kukagua Rolls-Royce Silver Wraith kabla ya kulipa: chesi ya Crewe, bodi ya London

Kama umewahi kuona basi la abiria likiundwa Nairobi au Dar es Salaam, Silver Wraith si mgeni kwako. Chesi inafika ikiwa uchi: injini, gia, magurudumu na usukani, na dereva amekaa juu ya kiti cha kuazima akila upepo na vumbi. Inaingia kwenye karakana ya bodi, na wiki kadhaa baadaye linatoka basi lenye viti, madirisha na jina la mbwembwe nyuma. Aliyetengeneza chesi hakujua basi hilo lingefanana na nini.

Rolls-Royce waliuza Silver Wraith kwa utaratibu huohuo kuanzia 1946 hadi 1958. Kiwanda cha Crewe, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kilitoa chesi yenye injini, rejeta na saa za dashibodi. Mteja alichagua muunda bodi, kwa kawaida London au kando yake, akakaa na mchoraji, akachagua umbo, ngozi, mbao na hata kikabati cha vinywaji. Hakuna Silver Wraith iliyowahi kuwa na bodi ya kawaida ya kiwandani. Zote kwa jumla hazifiki 1,900.

Kwa hiyo anayenunua gari hili ananunua magari mawili yaliyofungwa pamoja kwa bolti. La Crewe lina dawa: injini na sehemu nyingi za chini zinafanana na za Bentley Mark VI, gari lililotengenezwa zaidi ya 5,000, na vipuri vyake bado vinauzwa. La London halina duka la vipuri. Mlango wake wa nyuma huenda unatosha gari hilo moja tu duniani. Injini mbovu inakula pesa, ila bodi iliyooza inakula pesa, miaka na ndoa. Ndiyo maana tutapitia karatasi, kisha mbao, na injini itasubiri zamu yake.

Kwanza, jua unatafuta lipi

Kuna chesi fupi na chesi ndefu. Fupi ina inchi 127 kati ya ekseli na ekseli, yaani kama mita 3.23. Ndefu, iliyoanza 1951, ina inchi 133, karibu mita 3.38, na zilitengenezwa 639. Tofauti ya inchi sita inasikika ndogo mpaka ukae nyuma na kunyoosha miguu. Chesi ndefu karibu zote zilivalishwa limuzini nzito za mabwana waliokuwa na dereva. Ukitaka kuendesha mwenyewe, tafuta chesi fupi yenye bodi ya saluni.

Injini ni ya silinda sita, na ilikuzwa mara mbili: ujazo wa cc 4,257 mwanzoni, 4,566 kuanzia 1951, na 4,887 kwenye magari ya mwisho. Kampuni haikuwa ikitangaza nguvu za farasi, kwa hiyo usibishane na muuzaji kuhusu hilo. Bishaneni kuhusu chujio la oili. Kwenye injini za kwanza chujio lilisafisha sehemu tu ya oili, nyingine ikazunguka na uchafu wake. Injini ya 4,566 ilikuja na chujio linalopitisha oili yote. Kama moyo wako hauko kwenye gari la miaka ya 1940, chukua la baada ya 1951.

Upande wa bodi, majina utakayokutana nayo zaidi ni matatu: Hooper, H.J. Mulliner na Park Ward. Hooper walianza mwaka 1805 wakiunda magari ya farasi na walikuwa waunda bodi wa jumba la kifalme. Mchoraji wao, Osmond Rivers, ndiye wa ule mstari unaoanzia kwenye madigadi ya mbele na kushuka kwa mteremko mmoja hadi nyuma, huku gurudumu la nyuma limefichwa kama mguu chini ya kanzu. Ukiuona mara moja hutausahau. H.J. Mulliner wa Chiswick walipenda umbo lililotulia zaidi, na kwa macho yangu bodi zao ndizo zilizozeeka vizuri kuliko zote. Park Ward wa Willesden walikuwa mali ya Rolls-Royce kabisa tangu 1939. Bodi zao hazina maringo, lakini walianza kutumia fremu za chuma tangu kabla ya vita, na faida yake utaiona tukifika kwenye uozo.

Wapo pia James Young wa Bromley, ambao michoro yao ilikuwa mikononi mwa A.F. McNeil, na vitasa vyao vya mraba vyenye kitufe ni kitambulisho tosha. Freestone & Webb walipenda kona kali, kana kwamba paa limekunjwa kwa pasi. Karakana hizi zote zimekufa au zimemezwa: Freestone & Webb waliacha 1958, Hooper wakafunga kazi ya bodi 1959, na mwaka huohuo H.J. Mulliner wakanunuliwa na Rolls-Royce, kisha 1961 wakaunganishwa na Park Ward. Hakuna utakayempigia simu kuuliza kipande cha mlango.

Maumbo nayo yana majina. Limuzini ina kioo kati ya dereva na abiria. Saluni haina. Sedanka ina paa la dereva linalofunguka huku abiria wakibaki ndani. Landoleti ni kinyume chake: nyuma ndiko kunakofunuka, ili mkubwa aonekane na umma. Rais wa Ireland ana landoleti ya 1947 inayotolewa siku ya kuapishwa. Brazil wanatumia Silver Wraith ya 1952 iliyo wazi, ya H.J. Mulliner, kwa sherehe hiyohiyo. Gari la kufunuka ndilo ghali kuliko yote, na kwa sababu hiyo ndilo linaloghushiwa zaidi. Limuzini ya watu saba ndiyo rahisi, kwa sababu wachache wana gereji ya kuiingiza.

Kabla hujanunua tiketi, zoeza jicho. Aliye Dar es Salaam aende Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kunakotunzwa Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Aliye Nairobi asubiri maonyesho ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa Ngong. Usiguse. Angalia tu jinsi nafasi kati ya mlango na mlango ilivyo sawa kutoka juu hadi chini, maana hiyo ndiyo picha utakayoibeba kichwani.

Pili, karatasi

Muombe muuzaji namba ya chesi kabla ya kitu kingine chochote. Asiyetaka kuitaja, mwache. Namba za chesi fupi huanza na W, na mfululizo wa kwanza kabisa ni WTA. Za chesi ndefu zina LW: ALW, BLW, na kuendelea hadi HLW. Muuzaji akikwambia "chesi fupi ya 1949" na namba inasomeka DLW, mojawapo kati yake na namba inadanganya, na namba haina sababu ya kufanya hivyo.

Ukishaipata, iandikie klabu ya wapenzi wa Rolls-Royce ya Uingereza, iliyoanzishwa 1957. Makao yake ni Hunt House, kijiji cha Paulerspury, na huko zimetunzwa kadi za chesi kutoka kiwandani. Kadi hizo ni hazina. Zinaonyesha nani aliagiza, chesi ilipelekwa kwa muunda bodi gani, bodi ya aina gani, namba ya injini, wakati mwingine hata matakwa ya mteja na madai ya dhamana. Nakala inalipiwa, na hakuna pesa utakayotumia vizuri zaidi ya hiyo katika safari hii yote.

Kadi inajibu swali moja kubwa: je, bodi hii ndiyo iliyozaliwa na chesi hii? Limuzini nyingi zilizochakaa zilivuliwa bodi zao na kuvalishwa nyingine, au zilikatwa paa zikawa magari ya wazi ya kuvutia watalii na maharusi. Nyingine zilifanywa magari ya kubebea maiti. Gari lililobadilishwa bodi si haramu, lakini bei yake si ile ya asili, na muuzaji anayelijua hilo mara nyingi hulisahau siku ya kuuza.

Tatu, namba kwenye gari lenyewe

Fungua bonneti. Bamba la chesi liko kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Namba ya injini imepigwa kwenye bloku. Zilinganishe na kadi, herufi kwa herufi, kwa tochi na si kwa kumbukumbu. Kisha fungua milango uangalie bamba la muunda bodi kwenye kizingiti cha chini. Bamba hilo linaweza kufungwa na yeyote mwenye bisibisi, kwa hiyo usiishie hapo. Mafundi wa zamani walikuwa na mazoea ya kuandika namba ya bodi sehemu zilizofichika: nyuma ya mbao za milango, chini ya kiti, juu ya fremu. Ukiikuta namba ileile mahali pawili au patatu, umepumua.

Angalia na yule malaika, kisanamu cha Rolls-Royce kilicho juu ya rejeta. Kwenye Silver Wraith alikuja akiwa amepiga magoti. Ukimkuta amesimama, hilo peke yake si kosa la kuvunja biashara, lakini lisogeze kwenye orodha ya maswali: ni nini kingine kilichobadilishwa?

Nne, mbao

Hapa usiwe na haraka. Bodi nyingi, hasa za miaka ya kwanza, ni bati la aluminiamu lililovishwa juu ya kiunzi cha mbao za eshi, mti wa Ulaya. Eshi ina nguvu, inapindika bila kuvunjika, na inashika skrubu vizuri. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi unyevu wala wadudu. Maji yakiingia kwenye ungio na kukaa, mbao inakuwa kama mkate uliolowa chai, huku bati la nje likiendelea kung'aa. Kuelekea katikati ya miaka ya 1950 vyuma na aluminiamu vilichukua nafasi kubwa zaidi ndani ya viunzi, lakini kiasi kinatofautiana gari kwa gari. Usikubali neno la muuzaji kwamba "hii ni chuma yote". Angalia.

Nilijifunza haya kwa nauli yangu. Nilipanda treni asubuhi kwenda mji mmoja kusini mwa Uingereza kuangalia saluni nyeusi iliyong'aa hadi nikajiona meno. Nilizunguka, nikasifu, nikasikiliza injini, nikanywa chai ya mwenye gari. Nilipokuwa nimeshaanza kuzungumza bei ndipo nilipofungua mlango wa nyuma kwa mara ya pili na kuona ncha yake imeshuka kiasi cha upana wa kidole. Nilipouinua, nguzo nzima ilinyanyuka nao. Chai ilinitumbukia nyongo.

Kwa hiyo anza na milango. Fungua kila mmoja nusu, shika ncha yake ya chini kwa mikono miwili, inua polepole huku macho yako yakiwa kwenye bawaba. Kama kinachocheza ni pini ya bawaba, hiyo ni kazi ya siku moja kwa fundi. Kama bawaba imetulia lakini inatembea pamoja na nguzo, mbao ya nguzo imekwisha chini. Nguzo ya katikati ndiyo ya kuogopa zaidi. Kwenye baadhi ya bodi mlango wa mbele na wa nyuma yote imening'inia hapo, na milango hii haikutengenezwa kwa wepesi.

Halafu shuka chini. Inua mazulia yote. Omba ruhusa ya kufungua skrubu za bamba la kizingiti. Skrubu inayozunguka bila kukaza imeshapoteza mbao ya kushika. Gonga kizingiti kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma: mbao nzima inajibu kwa mlio mkavu, iliyooza inajibu kwa bubu. Ukiruhusiwa, choma kwa ncha ya msumari mwembamba mahali pasipoonekana. Ikiingia bila kusukumwa, umepata jibu.

Nenda kwenye buti, toa gurudumu la akiba, mulika kona zote za sakafu. Mulika nyuma ya matao ya magurudumu ya nyuma, ambako matope hutupwa na kukauka mara elfu. Angalia pembe za kioo cha nyuma na mfereji wa paa. Kama paa linafunguka, mulika kote ambako maji hutiririkia likifungwa. Nusa pia. Kabati lenye kuvu lina harufu yake, na manukato mapya ndani ya gari la miaka ya 1950 yananitia wasiwasi kuliko kutu.

Anayekusudia kuliweka gari Mombasa, Tanga au Unguja azidishe umakini. Unyevu wa pwani unaendeleza ulichokinunua, na mchwa hasomi jina kwenye bonneti. Gereji iwe na sakafu ya saruji na hewa ya kupita. Kwa walio Maskati au Dubai adui ni mwingine: joto kavu linakausha mbao, maungio yanalegea, na gari lililokuwa kimya linaanza kulia kwenye kila tuta.

Tano, bati na rangi

Hapa kuna mtego kwa fundi aliyezoea magari ya kawaida. Sisi wote tunajua ujanja wa sumaku: ikishika, ni bati; isiposhika, kuna puti. Kwenye aluminiamu sumaku haishiki popote, kwa hiyo haikwambii lolote kuhusu puti. Bado ibebe, kwa sababu nyingine. Ikishika katikati ya paneli ambayo jirani zake hazishiki, mtu aliwahi kukata aluminiamu na kuweka kiraka cha chuma.

Puti utaitafuta kwa mwanga. Lala kando ya gari asubuhi au jioni, jicho likiwa usawa wa paneli, ufuate mstari wa kiwiko cha madirisha kutoka taa hadi buti. Fundi wa Hooper alinyoosha mstari ule kwa nyundo na uvumilivu. Aliyeurudia kwa puti huwa na vilima vidogo. Gonga pia kwa kucha, na linganisha upande wa kushoto na wa kulia.

Tatizo la pili ni pale aluminiamu inapokutana na chuma, kwenye skrubu na kingo za milango. Vikilowa pamoja, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Dalili ni malengelenge kwenye rangi na unga mweupe ukibonyeza. Yakiwa madogo yanatibika. Yakiwa yamezunguka mlango mzima, bati linapaswa kuvuliwa.

Sita, injini na vilivyo chini

Fika gari likiwa baridi, na useme mapema kwamba unataka kuliwasha mwenyewe. Valvu za kuingiza ziko juu na za kutoa moshi ziko ubavuni, mpangilio usiouona tena siku hizi, na ikiwa nzima inanguruma kwa adabu kiasi kwamba unaangalia saa ya oili kuhakikisha inazunguka. Mgongano wa vyuma kutoka chini ni habari mbaya.

Silinda hedi ni ya aluminiamu, na maji yasiyo na dawa ya kuzuia kutu huitafuna. Angalia ukoko mweupe kwenye ungio la hedi na bloku. Kisha uliza kuhusu joto. Matope ya kutu hujikusanya sehemu ya nyuma ya bloku, mbali na pampu, na mwenye gari akaweka rejeta mpya bila kupona. Endesha nusu saa, panda mlima mrefu, ndipo usome saa ya joto. Pima kompresheni ya silinda zote sita. Namba ikiwa chini kidogo lakini zinalingana, si hatari. Moja iliyoachwa na wenzake ndiyo inayouliza pesa.

Chini ya dashibodi kuna pedali ndogo ambayo wengi hawaijui. Ukiikanyaga, inasukuma oili kwenye mabomba membamba hadi kwenye viungo vya chesi. Ikanyage, subiri, kisha ingia chini na tochi. Viungo vinapaswa kuwa na unyevu wa oili. Kilicho kikavu chenye vumbi kimeziba njia, na pengine kimesaga chuma kwa chuma kwa miaka.

Saba, barabarani

Kwenye magari ya usukani wa kulia yenye gia za mkono, mti wa gia uko kulia kwa dereva, kati ya kiti na mlango. Yenye usukani wa kushoto gia zake ziko kwenye nguzo ya usukani. Kuna gia nne, na ya kwanza haina ulaini wa nyingine, kwa hiyo usiilazimishe gari likitembea. Kuanzia 1952 mteja aliweza kuchagua gia za otomatiki za General Motors.

Breki ndizo zinazowatisha wageni. Za mbele zinasukumwa na maji ya breki, za nyuma na vyuma vya kuvuta, na msaada wa mguu unatoka kwenye kisahani cha msuguano kinachozungushwa na gia. Kama gari halitembei, msaada haupo. Usikanyage pedali likiwa limesimama ukasema breki mbovu. Tafuta uwanja mtupu, tembea pole, kanyaga: utahisi kuchelewa kidogo kisha mkono mzito unashika. Kwa mwendo wa kati lisimame kwa mstari ulionyooka. Likivuta upande mmoja au msaada ukikosa kabisa, usirudi nalo barabarani.

Kwenye usukani kuna kijiti kidogo cha kukaza vidhibiti mshtuko vya nyuma. Kisogeze kwenye barabara mbovu na usikilize kama mgongo wako unaona tofauti.

Nane, ndani, kisha bei

Ngozi iliyopasuka usiihurumie sana. Fundi mzuri wa viti ataitibu, na ngozi ya zamani ina thamani kuliko mpya isiyolingana. Mbao za milangoni zilizopauka zinasuguliwa upya. Kilichopotea ndicho kinachouma: kitasa, taa ya ndani, kioo cha kikabati. Vitu hivi havina kiwanda. Andika kila kilichokosekana, kwa jina na upande.

Ndipo uzungumze bei, ukiwa na orodha mkononi. Rangi, ngozi na breki ni vya kupunguziwa. Nguzo zilizooza na vizingiti vilivyokwisha si vya kupunguziwa. Ni vya kuondokea, isipokuwa wewe mwenyewe ni seremala au gari ni la umbo adimu mno. Kuvua bodi, kuchonga kiunzi upya na kuvisha bati lilelile mara nyingi kunagharimu zaidi ya bei ya gari zima lenye afya.

Ukishalinunua, wiki ya kwanza ni ya oili, maji ya breki, mabomba ya mpira na tairi. Tairi zisomwe kwa umri, maana nyingi zina kashata nzima juu na nyufa pembeni. Na kabla hujamkabidhi fundi wa pancha spana, mweleze kwamba nati za magurudumu ya upande wa kushoto zinafunguka kinyume, kwa kuzungushwa kufuata saa. Asiyejua ataongeza bomba kwenye spana, atasimama juu yake kwa miguu miwili, na stadi itakatika. Iandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uibandike ndani ya kifuniko cha buti.